Wimbo Uliokatwa, Sauti Iliyoazimwa: Suala la Matini Halisi katika Filamu za Muziki, kutoka Hollywood hadi Vibanda vya Mwihoko

Mhakiki anayenukuu utenzi hutakiwa kutaja toleo alilolitumia. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir haisomeki kwa namna moja katika toleo la William Hichens la mwaka 1939 na katika lile la James de Vere Allen la mwaka 1977, na anayejenga hoja juu ya nafasi ya ubeti fulani bila kusema ameutoa katika toleo lipi huwa hajajenga hoja yoyote. Uangalifu huu hufundishwa katika idara za Kiswahili tangu mwaka wa kwanza. Ajabu ni kwamba huyeyuka mara tu filamu inapoletwa darasani. Tasnifu hutaja jina la filamu, jina la mwongozaji na mwaka, basi. Kana kwamba filamu ni kitu kimoja kisichobadilika, na kana kwamba kilichoonyeshwa mjini Bombay, kilichofika Mombasa na kilichomo katika diski ya maktaba ni kile kile.

Filamu za muziki ndizo zinazoumbua dhana hiyo kuliko filamu nyingine zote. Ni ndefu, na urefu ni gharama kwa mwenye ukumbi. Pakitafutwa cha kupunguza, wimbo ndio huonekana wa ziada, kwa kuwa yasemekana kisa hakisongi mbele watu wanapoimba. Kwa sababu hiyo historia ya filamu hizi ni historia ya nyimbo zilizokatwa, na tangu miaka ya 1980, kanda za video na baadaye diski zilipoingia majumbani, imekuwa pia historia ya nyimbo zilizorudishwa. Toleo lililorejeshwa huuzwa kwa madai kwamba ndilo halisi. Makala haya yanadai kwamba hilo nalo ni toleo moja miongoni mwa matoleo, lenye wahariri wake na maamuzi yake. Na kwamba filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili katika kibanda cha video huko Mwihoko inastahili kuhesabiwa katika orodha hiyo hiyo, kwa vigezo hivyo hivyo, pamoja na kasoro zake.

Nyimbo zilizorudishwa

Mfano ulio wazi zaidi ni A Star Is Born ya George Cukor. Ilipozinduliwa Septemba 1954 ilichukua dakika 181. Wenye majumba ya sinema walilalamika kwamba urefu huo uliwapunguzia idadi ya maonyesho kwa siku, na kampuni ya Warner ikaikata hadi dakika 154 hivi. Cukor mwenyewe alikuwa Asia Kusini akitafuta mahali pa kupigia filamu yake iliyofuata, Bhowani Junction. Miongoni mwa vilivyoondolewa ni nyimbo mbili za Judy Garland.

Hasara ya mkato huo haikuwa ya burudani tu. Wimbo wa kwanza, Here's What I'm Here For, unamkuta Esther akirekodi studioni. Mumewe mtarajiwa, Norman, anamchumbia kando ya maikrofoni, na maikrofoni inanasa kila neno, kisha maneno hayo yanarudishwa kwa sauti mbele ya waimbaji na wapiga ala wote. Uchumba wao unakuwa mali ya umma kabla haujawa mali yao. Hilo ndilo wazo kuu la filamu nzima. Katika toleo fupi wawili hawa wanafika kwenye ndoa pasipo mtazamaji kuushuhudia uchumba huo. Wimbo wa pili, Lose That Long Face, unaonyesha Esther akicheza na kuwahimiza watu wafurahi, amevaa nguo za mtoto wa mitaani na kuchorwa madoadoa usoni. Katikati ya upigaji wa wimbo huo anaingia chumbani mwake na kulia kwa ajili ya ulevi wa mumewe, kisha anafuta machozi na kurudi kuimba. Wakataji waliondoa wimbo wakaacha kilio. Kwa takriban miaka 30 watazamaji walimwona mwanamke analia akiwa na madoadoa ya kuchorwa, na kinaya kilichompa mavazi hayo kilikuwa sakafuni mwa chumba cha uhariri.

Kuna jambo jingine linalopaswa kumzuia mhakiki asikimbilie hoja ya "nia ya mtunzi". Wimbo mrefu kuliko yote katika filamu hiyo, Born in a Trunk, unaochukua karibu robo saa, uliongezwa baada ya Cukor kumaliza kazi yake, wala hakuuongoza yeye. Huo haukuguswa. Yaani mkato wa mwaka 1954 uliondoa kazi ya mwongozaji na kubakiza kazi isiyokuwa yake, na toleo lililorejeshwa limevibeba vyote viwili chini ya jina lake.

Urejeshaji ulifanywa na Ronald Haver na kuonyeshwa mwaka 1983, ukiwa wa dakika 176. Cukor hakuuona, alifariki Januari mwaka huo huo. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Haver alipata mkondo wa sauti wa filamu ndefu ukiwa mzima, lakini picha hakuzipata zote. Nyimbo mbili zilirudi na picha zake. Baadhi ya maonyesho mengine hayakuwa na picha zinazokwenda, hivyo Haver akaweka picha mnato zilizopigwa wakati wa utengenezaji, moja baada ya nyingine, huku mazungumzo yakisikika. Mtazamaji anasikia watu wakizungumza na kuona wamesimama kimya kama walio katika albamu ya harusi. Anapewa sauti, naye anaombwa atengeneze mwendo akilini mwake. Anayeifahamu fasihi simulizi atatambua mara moja hali hiyo: ni hali ya hadhira ya mtambaji.

Sifa ya Haver ni kwamba hakuficha pengo. Picha mnato humwambia mtazamaji waziwazi kwamba hapa pamepotea kitu. Ndivyo afanyavyo mhariri mwaminifu wa muswada aachapo nafasi tupu mahali palipoliwa na mchwa, badala ya kutunga mshororo wake na kuuchomeka.

Sio wote waliofuata uaminifu huo. Bedknobs and Broomsticks ya kampuni ya Disney (1971) ilikatwa kabla ya kuonyeshwa kwa umma ili itoshee ratiba ya ukumbi wa Radio City mjini New York, ikakatwa tena ilipotolewa upya mwaka 1979. Iliporejeshwa mwaka 1996, ikiwa ya dakika 139, tatizo lilikuwa kinyume cha lile la Haver. Baadhi ya vipande vilipatikana vikiwa na picha lakini bila sauti ya mazungumzo. Angela Lansbury aliitwa aseme tena maneno yake mwenyewe, akiwa mzee kwa miaka 25 kuliko mwanamke anayeonekana. Sauti ya David Tomlinson ilitolewa na mwigizaji mwingine. Mshono unasikika. Watu wanabadilika sauti katikati ya mazungumzo, na hakuna alama yoyote inayomtahadharisha mtazamaji. Kwa mwenye sikio, toleo hili "kamili" linachosha kuliko lile pungufu, na wahakiki waliolilalamikia walikuwa na haki.

Wala kurejesha si lazima kurefushe. Mughal-e-Azam ya K. Asif (1960) ilikuwa ya dakika 197, sehemu kubwa nyeusi na nyeupe, na vipande vichache vya rangi ukiwemo wimbo mashuhuri wa Anarkali mbele ya Akbar katika ukumbi wa vioo. Mwaka 2004, miaka 33 baada ya kifo cha Asif, ilirudi sinema ikiwa imetiwa rangi yote, sauti imefanywa upya, na urefu umepunguzwa hadi dakika 177. Katika filamu ya awali rangi ilipasuka ghafla msichana mtumwa alipomwambia mfalme usoni pake kwamba kupenda si jambo la kuogopa; rangi ilikuwa hoja. Ilipoenea kila mahali ikawa pambo. Hata hivyo hilo ndilo toleo ambalo vijana wengi wamelijua.

Sholay ya Ramesh Sippy (1975) ilipata dhoruba ya aina nyingine. Wadhibiti wa India, wakati wa Hali ya Hatari, hawakukubali Thakur, ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar, amuue adui yake kwa miguu. Ikabidi polisi wafike na kumkamata. Kanda zenye mwisho wa awali zilisambaa miaka mingi baadaye, na Juni 2025 filamu hiyo ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa imerejeshwa pamoja na mwisho huo. Kwa nusu karne watazamaji wa Afrika Mashariki waliifahamu Sholay ambayo sheria hushinda. Je, waliitazama filamu isiyo halisi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kupima dakika.

Kibandani

Mwihoko ni mtaa wa Ruiru unaopakana na Githurai, si mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta, uliojaa nyumba za kupangisha za watu wanaoamkia kazini Nairobi. Katika mitaa ya aina hii, kama kwingineko kandokando ya barabara ya Thika, kibanda cha video kimekuwa jumba la sinema la asiye na jumba la sinema: kuta za mabati, mabenchi, televisheni iliyoinuliwa juu ili aliye nyuma aone, na nje ubao wa chaki wenye orodha ya filamu za siku pamoja na mechi za ligi ya Uingereza. Hapo filamu ya Kihindi au ya Kichina aghalabu haionyeshwi kama ilivyotoka kwao. Huonyeshwa ikiwa imesimuliwa. Nchini Kenya jina linalotawala sanaa hiyo ni DJ Afro, ambaye diski zake zimeuzwa mitaani na kuigwa na wengi. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda wasimulizi wake huitwa VJ. Msimulizi hushusha sauti ya filamu na kusema juu yake, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akiwa mfasiri, mchambuzi na mchekeshaji kwa wakati mmoja.

Mpango huu ukitazamwa kando ya kazi za urejeshaji zilizotajwa, ulinganifu unajitokeza wenyewe. Haver alikuwa na sauti, akakosa picha. Msimulizi wa kibandani ana picha yote, na sauti ameiondoa kwa hiari. Warejeshaji wa Disney walikuwa na midomo inayotikisika pasipo maneno, wakaazima sauti za watu wengine na kuzificha. Msimulizi naye huazimisha sauti yake kwa kila mhusika, ila hafichi. Hakuna aketiye kwenye benchi la Mwihoko anayedhani kwamba Amitabh Bachchan anasema Sheng. Kuhusu hilo moja, kibanda ni kiaminifu kuliko studio.

Tena, sauti ya kuazima haikuletwa na kibanda. Ndiyo msingi wa filamu ya muziki. Katika My Fair Lady (1964), pia ya Cukor, nyimbo nyingi za Audrey Hepburn ziliimbwa na Marni Nixon. Iliporejeshwa mwaka 1994, matoleo ya nyumbani yaliweka kando baadhi ya nyimbo kwa sauti ya Hepburn mwenyewe, ili mtazamaji alinganishe. Katika filamu za Kihindi hali hiyo ni kanuni: mwigizaji hutikisa midomo, Lata Mangeshkar huimba. Anayemlaumu msimulizi kwa kuweka sauti ngeni katika kinywa cha mwigizaji sharti kwanza aeleze ni sauti ipi iliyokuwa ya mwigizaji huyo.

Lakini utetezi huu una mpaka, na mpaka wenyewe ni wimbo. Msimulizi ni hodari katika mapigano, mbio, hila na vitisho. Humpa "steringi" na "jambazi" wake tabia na historia ambazo mwandishi wa filamu hakuwapa, na mara nyingine huboresha. Wimbo unapoanza, mara nyingi hupitishwa mbio au hukatwa kabisa. Ukiachwa, msimulizi hunyamaza, au hutupa mzaha mmoja wawili akingoja kisa kirudi. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba hadhira ya vijana wa kiume haitaki mapenzi ya kuzungukiana mitini. Sababu hiyo haitoshi. Mazungumzo ya filamu yanaweza kubuniwa upya kwa kutazama nyuso na matendo. Maneno ya wimbo hayabuniki hivyo. Ni ushairi, una sitiari na mapokeo ya ghazali na kawali, na anayetaka kuufasiri lazima aijue lugha au awe mshairi. Msimulizi anaruka mahali pale hasa ambapo ufundi wake unakoma. Matokeo yake ni yale yale ya mwaka 1954: kilio kinabaki, wimbo uliokipa maana unatoweka. Kifo cha Jai katika Sholay ni mfano mzuri. Kwa hadhira iliyozoea kwamba steringi hafi, kifo hicho ni pigo. Lakini uzito wake unatokana na wimbo wa urafiki ulioimbwa na wawili hao juu ya pikipiki mwanzoni, ambao sauti yake hurudi kwa huzuni Jai anapokufa. Msimulizi akiuruka wimbo wa mwanzo, mwangwi wa mwisho hauna cha kurudia.

Kinyume cha kibanda kilikwisha kufanywa pwani zamani. Zanzibar ya miaka ya 1950, kama alivyoonyesha mwanahistoria Laura Fair katika utafiti wake juu ya sinema, iliipokea Awaara ya Raj Kapoor (1951) kwa mahaba makubwa, na nyimbo zilikuwa sehemu kubwa ya mahaba hayo. Mombasa ilikwenda mbali zaidi. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba taarabu kwa mahadhi ya filamu za Kihindi na maneno ya Kiswahili, mengine yakiwa ya malenga Ahmad Nassir. Kilichobaki ni lahani. Picha, kisa na lugha vyote viliachwa. Mtu wa Mji wa Kale angeweza kuujua wimbo kwa moyo pasipo kuiona filamu, na hata kama nakala iliyofika ukumbini ilikuwa imekatwa, lahani ilikwisha kupita kwa njia nyingine. Kwa hiyo Kiswahili kimezigawana filamu hizi pande mbili: pwani ilichukua nyimbo ikaacha hadithi, bara ya vibandani imechukua hadithi ikaacha nyimbo. Inashangaza kwamba hakuna aliyejaribu kuziunganisha pande hizo; msimulizi mmoja na mshairi mmoja wa taarabu, wakikalishwa mbele ya filamu moja, wangetoa Mughal-e-Azam ya Kiswahili ambayo wenye rangi za mwaka 2004 wasingeiota.

Nani atarejesha simulizi?

Suala la hakimiliki haliwezi kupuuzwa: simulizi nyingi zilitengenezwa juu ya nakala zisizo na idhini. Hilo ni la wanasheria. Kwa mhakiki suala zito zaidi ni uhifadhi. Sholay ndefu sasa ina taasisi inayoitunza. A Star Is Born ina studio, makavazi na vitabu. Simulizi ya Kiswahili, ambayo kwa maelfu ya watazamaji wa Kenya ndiyo filamu yenyewe, imo katika diski zilizokwaruzika, na simu za mkononi zimekwisha kuchukua sehemu kubwa ya hadhira ya vibanda. Baadhi ya simulizi zimepanda mtandaoni, ambako huondolewa mwenye haki anapolalamika. Miaka 30 ijayo mtafiti wa Kenyatta au wa Moi atakayetaka kujua Wakenya wa kawaida waliiona filamu gani, ataletewa toleo lililorejeshwa Bologna: safi, refu, lenye mwisho wa awali, ambalo hakuna mtu wa Mwihoko aliyelitazama wakati huo.

Itasemwa kwamba simulizi hizi ni za ovyo, zimejaa makosa ya lugha na utani wa mitaani. Baadhi ni za ovyo kweli. Hata miswada ya tenzi ina wanakili wazembe, na hakuna profesa aliyewahi kuichoma moto kwa sababu hiyo. Idara za Kiswahili zina ujuzi ambao makavazi ya filamu hayana. Zimezoea kunukuu utendaji wa fanani, kuandika pale hadhira inapocheka au kujibu, kulinganisha matoleo ya kisa kimoja kilichotambwa na watu wawili. Kinachohitajika ni kuuelekeza ujuzi huo kwenye diski, zikiwa bado zinacheza.

Unukuzi wenyewe una ugumu wa kiufundi ambao haujapata kanuni. Simulizi haiendi sambamba na mazungumzo ya filamu. Msimulizi hutangulia, huchelewa, husema jambo ambalo picha italionyesha dakika mbili baadaye, hivyo maandishi ya maneno yake peke yake hayasomeki. Mpangilio unaofaa kujaribiwa ni wa safu tatu: muda, picha, sauti. Safu ya sauti itenganishe maneno ya msimulizi na mlio wa filamu unaosikika chini yake. Na pale wimbo unapoanza naye akanyamaza, safu hiyo isirukwe. Iachwe wazi, na urefu wa ukimya uandikwe kwa sekunde.